Bunduki Zisiingie, Wanawake Wasitoke

Mwaka wangu wa pili Doha nilipangiwa lango la nyuma la kompaundi moja ya nyumba za familia, upande wa Al Rayyan. Lango la mbele lilikuwa la wakazi na magari yao. Letu lilikuwa la watu wa kazi: mafundi wa viyoyozi, waleta chakula, wasafisha mabwawa ya kuogelea, na wanawake wanaofanya kazi ndani ya nyumba, ambao sisi Waafrika Mashariki huku tunawaita makadama. Kibandani mlikuwa na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, kitabu cha kuandikia wanaoingia na kutoka, simu ya mezani, na karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani. Mojawapo ya kanuni hizo ilisema kadama akitoka na begi kubwa, mlinzi aipigie simu nyumba anayotoka kabla ya kumfungulia.

Niliifuata kanuni ile mwaka mzima bila kuifikiria. Unapiga simu, madamu, yaani mwajiri wake, anasema sawa, unabonyeza kitufe. Mara mbili madamu alisema hapana, na mara zote mbili kadama aligeuza begi lake akarudi, nami nikaendelea na kazi.

Aliyenifanya niifikirie ni bibi mmoja Mjapani. Alikuja kukaa na binti yake, mhandisi, katika miezi ya baridi. Kila asubuhi aliizunguka kompaundi mara nne, mikono nyuma, na kwenye mzunguko wa tatu alisimama kivulini mwa kibanda changu kupumzisha goti. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo tulizungumza polepole na tukaelewana vizuri. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa historia.

"Kazi yako hii," aliniambia siku moja, akikitazama kizuizi cha gari kikipanda na kushuka, "zamani kwetu ilikuwepo."

Akanieleza. Kwa zaidi ya miaka mia mbili, jemadari aliyeitawala nchi yao aliwalazimisha mabwana wa mikoa yote kuacha wake na watoto wao katika mji mkuu. Bwana aliweza kwenda kwao akarudi, lakini familia ilibaki, ili asithubutu kuasi. Barabara kuu ziliwekewa malango, na walinzi walikuwa na msemo wao: bunduki zinazoingia, wanawake wanaotoka. Hayo mawili ndiyo waliyotakiwa kuyazuia. Bunduki zikiingia mjini, kuna vita. Wanawake wakitoka, kuna bwana anayeiondoa familia yake kimyakimya, na vita viko njiani vilevile. Kwa hiyo kwenye malango makubwa palikuwa na mwanamke mkaguzi. Aliwafungua wanawake wenzake nywele, akazipitisha kitana, akatazama makovu na mabaka yao kama yanalingana na yaliyoandikwa kwenye kibali.

"Na aliyejaribu kukwepa lango?" niliuliza.

"Alisulubiwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanyoosha mikono yake miwili ili nisiwe na shaka.

"Na mlinzi akimwachia mtu?"

Alilikanda goti lake. "Sijui," akasema. "Miaka yote niliyofundisha, hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hilo."

Tangu shule ya msingi nilikuwa mtu wa nyota. Kwetu Taita umeme ulitufikia nikiwa mkubwa, na anga ilikuwa nyeusi kiasi kwamba nilijifunza kuhesabu nyota kabla sijajua zinaitwaje. Kwa jirani mwenye televisheni ya betri nilitazama katuni za Kijapani, watu wenye mapanga marefu wakirukia vyombo vya angani, na darasani nilichora vyombo hivyo pembezoni mwa madaftari hadi mwalimu wa fizikia akanichapa kisha akaomba mchoro mmoja. Baadaye maisha yakanichukua. Lakini jioni ile, baada ya bibi kunisimulia habari za mkaguzi, nilinunua daftari la kurasa mia mbili nikaanza kuandika.

Nilikuwa naandikia kwenye chumba cha kufulia cha makazi yetu, kwa sababu chumba cha kulala tulikuwa wanawake sita. Baada ya zamu nilitia sare kwenye mashine, nikaweka daftari juu yake, nikaandika huku mwandiko ukitikisika. Hadithi yenyewe ilihusu himaya ya nyota arobaini iliyojifungia isionane na wageni. Jemadari wake haonekani, anatoa amri nyuma ya pazia la mianzi. Mabwana wa sayari zote wameacha wake zao katika sayari kuu, kwenye nyumba za mbao na karatasi chini ya kuba la kioo. Kuna barabara za angani ambazo lazima chombo kizifuate, na mahali barabara hizo zinapobanana panaelea Lango la Saba, kubwa kama mji, limejaa askari, wapishi na makuhani. Hapo ndipo anapofanya kazi mwanamke wangu, mkaguzi wa nywele, miaka kumi na tisa hajaiona sayari yao. Niliweka na vita. Koo mbili zilipigana kwenye mkufu wa barafu unaoizunguka sayari moja, vyombo vikaungua, matanga yenye nembo za familia yakaelea gizani bila wenyewe.

Nilipomsimulia bibi sura za mwanzo, alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Watu wa mapanga ni wengi mno."

"Si ndiyo historia yenu?"

"Historia ya nani? Wazee wangu waliuza figili za kuchachusha kando ya barabara. Kila msafiri aliyesimamishwa langoni alikuwa na njaa." Akacheka peke yake. "Na huyo mkaguzi wako umemfanya katili. Alikuwa mwanamke wa kawaida tu. Labda miguu ilimuuma."

Nikarudi nikafuta kurasa tisa. Nikaweka duka la figili kwenye korido ya Lango la Saba, na mkaguzi nikamtia ugonjwa wa miguu. Kuanzia hapo hadithi ikaanza kupumua.

Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa Mganda, mlinzi kama mimi, kwenye maduka makubwa. Alinilazimisha niwasomee chumbani. Nikasoma. Walinyamaza wote, hata yule Mkamba ambaye kwa kawaida hanyamazi. Sikujua kwamba Mganda alikuwa ananirekodi. Alinambia baada ya wiki, akidhani ananifurahisha: sauti yangu iko kwenye kundi la simu la wanawake wafanyakazi wenzake, nao wanaulizia sura inayofuata.

Sura inayofuata haikuwepo. Nilikuwa nimekwama. Mke wa bwana mmoja amefika Lango la Saba amevaa kama mtawa, kichwa kimenyolewa, kwa hiyo hakuna nywele za kupitisha kitana. Ana kibali cha mtu mwingine. Mkaguzi anamtazama shingoni na kuona baka lisilolingana na maandishi. Sura ya kumi na moja iliishia hapo, mkono wa mkaguzi ukiwa bado shingoni mwa mtawa. Nilikaa siku kumi nisijue la kuandika.

Jumapili moja asubuhi, watoto wakiwa wameshakwenda shule, akaja langoni kadama wa nyumba ya kumi na nne. Nilikuwa namjua kwa uso tu: Mkenya mwenzangu, mtu wa Kilifi, mwembamba, buibui lake daima limepigwa pasi. Alikuwa anakokota begi kubwa la magurudumu.

"Salamu aleikum, dada," akasema.

"Aleikum salaam. Safari ya wapi?"

"Napeleka nguo kwa fundi."

"Begi zima?"

Aliitazama simu ya mezani, akanitazama mimi, akasema jambo ambalo sikulitazamia kabisa. "Ni wewe usomaye ile hadithi ya lango."

"Nani kakwambia?"

"Sauti. Mimi nakusikiliza kila nikikunja nguo." Akashusha pumzi. "Yule mkaguzi, alimfungulia mtawa?"

"Sijaandika bado."

"Basi wangoja nini?"

Nikamuuliza kilichomtoa. Akanambia mama yake amelazwa, na kaka yake amepiga simu jana akasema, ukitaka kumkuta, njoo. Alikuwa ameomba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu madamu alimwambia watazungumza baada ya Ramadhani. Hakupigwa, akasema, wala hakunyimwa chakula, nisije nikafikiri hivyo. Ni ruhusa tu. Alikuwa anakwenda kwa maafisa wanaoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi, na begi amelibeba kwa sababu hana nia ya kurudi.

Mkono wangu ulinyanyua simu. Nasema mkono kwa sababu sikumbuki kuamua. Nilibonyeza moja, nikabonyeza nne, na kabla ya namba za mwisho nikasita. Yule dada hakuniomba. Alisimama tu, kidole kwenye mpini wa begi, kama mtu aliyezoea kungoja majibu ya watu wengine. Nje lori la maji lilikuwa linapiga honi lifunguliwe.

Nikaiweka simu chini. Nikabonyeza kitufe. Alipita, akasema "Mungu akuweke," na magurudumu ya begi yakasikika juu ya matofali mpaka barabarani. Kisha nikachukua kitabu nikaandika: kadama, nyumba kumi na nne, saa mbili na dakika kumi, begi kubwa. Sijui kwa nini niliandika begi. Labda nilikuwa nimeshavunja kanuni moja na sikuwa na nguvu za kuvunja ya pili.

Hofu haikuja mara moja. Ilikuja simu ilipolia saa nne. Niliitazama ikilia mara tano ndipo nikapokea. Alikuwa fundi wa lifti anauliza njia. Ikalia tena saa sita, nikaangusha kalamu. Niliposhika zamu hadi mwisho na kumkabidhi mwenzangu, shati lilikuwa limenigandia mgongoni ingawa ilikuwa baridi.

Kwenye basi la kampuni nikaanza kuunganisha mambo. Sauti yangu iko kwenye simu za watu. Sauti hiyo inasimulia mwanamke anayetoroka, lango, mlinzi, kibali cha uongo. Na mwanamke ametoroka langoni kwangu. Mtu yeyote akiziweka pamoja rekodi ile na kitabu changu, atasema nilikuwa nafundisha makadama kutoroka.

Nilimkuta Mganda anapaka kucha rangi. "Futa zile sauti."

"Kwa nini? Watu wanazipenda."

"Futa, nakuomba. Zote."

Alinitazama usoni akaacha kucha. Akazifuta zake. Lakini kundini zilikuwa zimeshachukuliwa. Binamu yake wa Al Wakrah alizipeleka kwa wenzake wa kanisani, na muuguzi mmoja akazipeleka kwa wenzake wa zamu. "Mimi hata siwajui wote," akasema kwa sauti ndogo. "Umefanya nini wewe?"

Nikamwambia. Aliketi kitandani. "Bwana Yesu," akasema. "Watakurudisha."

Nilikwenda chumba cha kufulia na daftari. Nilifungua mlango wa mashine nikasimama nalo mkononi. Nilitaka kulitia, sabuni na maji yafanye kazi. Sikuweza. Badala yake nikachana kurasa za sura ya kumi na moja, nikazikunja, nikaziweka ndani ya kiatu cha kazi chini ya soli. Huo ulikuwa upumbavu, kwa sababu daftari zima lilikuwa na habari zilezile, lakini hofu haifikirii sawasawa. Siku tatu nilitembea juu ya kurasa zile. Kila hatua nilizisikia zikinung'unika.

Na siku tatu hizo hakuna aliyeniita. Hilo lilikuwa baya kuliko kuitwa. Madamu wa nyumba ya kumi na nne alipita na gari lango la mbele, hakuja kwangu. Msimamizi wetu, Mnepali mmoja asiyependa maneno mengi, alikuja kukagua sare, akatazama buti zangu muda mrefu mno, nikahisi kurasa zinaongea. Akasema tu nizipake rangi. Sikuweza kula. Nilimpigia mama Taita nikamwambia niko salama, akaniuliza mbona nasema niko salama wakati hajauliza.

Siku ya nne bibi Mjapani alisimama kivulini kama kawaida. Nilimsimulia yote, hata ya kiatu. Nilidhani atanisifu au atanikaripia, maana walimu hawana la tatu. Yeye akasema, "Kule kwetu kuna kumbukumbu za malango zilizohifadhiwa. Nikirudi nitatafuta walimfanya nini mlinzi." Aliniambia anaondoka Ijumaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamaliza mzunguko wake wa nne. Sikumwona tena.

Niliitwa Alhamisi. Ofisini walikuwa wawili, mudiri, yaani meneja wa kompaundi, nyuma ya meza na msimamizi wangu amesimama kando ya dirisha. Kitabu changu cha langoni kilikuwa mezani, kimefunguliwa.

"Huu mwandiko wako?" mudiri aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Ulipiga simu?"

Siku nne nilikuwa nimeandaa majibu. Simu ilikuwa mbovu. Begi lilikuwa dogo, nimekosea kuandika. Lori la maji lilikuwa linapiga honi. Nikafungua kinywa, yote yakapotea.

"Hapana. Sikupiga."

"Unamjua huyu mwanamke?"

"Kwa uso."

"Kwa nini basi?"

"Mama yake anaumwa."

Mudiri alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka, kama mtu ambaye amepigiwa kelele siku nne na madamu. "Nani alikupa mamlaka ya kuamua hayo?"

"Hakuna, bwana."

Nilingoja aseme habari za hadithi. Niliitazama simu yake juu ya meza, nikawa na hakika ataibonyeza na sauti yangu itatoka. Hakuibonyeza. Aliniambia kadama amepatikana, yuko kwa maafisa wa kazi, suala lake linashughulikiwa huko na halimhusu tena. Linalomhusu ni lango. Nitapewa barua ya onyo na kuhamishwa. Khalas. Ikawa imekwisha.

Msimamizi alinisindikiza nje. Tulipofika kwenye maegesho alisimama, akanikazia macho. Nilijua sasa ndipo litakapotajwa lile la hadithi.

"Kwa nini uliandika begi?" akaniuliza.

"Samahani?"

"Ungeandika tu ametoka. Hakuna ambaye angejua. Siku nne najiuliza, kwa nini aliandika begi?" Alitikisa kichwa kama mtu anayetazama hesabu isiyotoka, akaenda zake.

Kuhusu hadithi, ofisini hakuna aliyejua na hakuna aliyejali. Himaya yangu ya nyota arobaini haikuwa imemtisha mtu yeyote ila mimi. Nikatoa kurasa kiatuni; zilikuwa zimekuwa uji wa wino. Ilibidi niiandike upya sura ya kumi na moja kutoka kichwani, na ikatoka tofauti.

Nilihamishiwa Al Wakrah, lango la ghala la vifaa vya ujenzi, ambako hakuna makadama, ni malori tu. Mwezi uliofuata ilinifikia sauti iliyopitishwa mikono mingi, kundi hadi kundi, kutoka Kilifi. Yule dada alisema maafisa walimsikiliza, tiketi ikapatikana baada ya siku kumi na mbili, na mama yake alimkuta hai. Waliongea siku nne. Siku ya tano akamzika. Alisema hayo bila kulia, nikasikia jogoo nyuma yake, kisha akasema asante dada wa langoni, na sauti ikakatika. Niliisikiliza nikiwa nimeegemea ukuta wa ghala, malori yakipita, na nilikuwa wa kwanza kulia kati yetu.

Nilimwandika mkaguzi akimfungulia mtawa. Hilo likawa jepesi, sentensi mbili tu. Kilichonisumbua ni kilichofuata. Baada ya chombo cha mtawa kupotea kwenye barabara ya nyota, mkaguzi anabaki langoni akingoja amri kutoka sayari kuu. Bibi hakuwahi kuniandikia, wala hatukuwa tumepeana anwani, kwa hiyo sikupata jibu lake kuhusu walinzi wa zamani. Nikalazimika kubuni. Niliandika kurasa arobaini za kungoja. Kila chombo kinachotokea gizani mkaguzi anadhani ndicho. Anapanga nguo zake, anazipangua. Anakwenda kula figili, anaziacha sahanini. Nilikuwa najua kila neno la kurasa zile kabla sijaliandika.

Niliporudi kwenye makazi yetu ya zamani siku ya mapumziko nikawasomea wenzangu. Mkamba alisinzia. Mganda alivumilia hadi ukurasa wa thelathini.

"Dada," akasema, "mwanamke anangoja, anangoja, anangoja. Watu watachoka. Lete vita."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa kitanda cha juu, uligeukageuka wiki nzima. Lakini hii ni hadithi. Lete vita."

Nikaleta vita. Mkufu wa barafu ukawaka tena, koo mbili zikavunjana, na mkaguzi akasahauliwa katika vurugu hizo akiwa hai, kwenye korido yake, na kitana chake. Sijui kama ndivyo ilivyotokea kwa walinzi wa kweli wa zamani. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na bado sijaambiwa kama utafanywa upya. Kila asubuhi nikiingia kibandani naitazama simu kwanza, kabla sijavua koti.